Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: vidole vya watoto mahututi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, shikamoo.

Mimi ni muuguzi wa watoto mahututi hapa jijini. Usiku mmoja nilipokea zamu nikamkuta mtoto wa miaka miwili, vijidudu vimeingia kwenye damu, presha imeshuka, adrenalini, dawa ya kupandisha presha, inaingia kwa dripu. Chati imejazwa vizuri: mapigo, presha, mkojo. Nilipomvua soksi aliyovalishwa mkononi asije akaing'oa kanula, yaani kamrija ka dripu kwenye mshipa, vidole vitatu vilikuwa vya baridi, kucha zimeiva zambarau. Nikabonyeza ukucha, nikahesabu. Damu hurudi ndani ya sekunde mbili. Mimi nilifika saba.

Sisemi mtu alizembea. Chati yenyewe haikuwa na mahali pa kuandika vidole. Na mwili ukizidiwa, huinyima mikono na miguu damu ili moyo na ubongo vipate. Adrenalini inayomwokoa mtoto nayo huzidi kuibana mishipa hiyohiyo.

Asubuhi bibi yake alikuja na chupa ya maji ya moto, anataka kumkanda. Nikamzuia. Kidole kisichofikiwa na damu huungua upesi. Tulikanda mkono wa pili, ule mzima, kwa kitambaa cha uvuguvugu, maana mishipa ya upande mmoja ikilegea, ya upande wa pili huweza kufuata. Bibi alinitazama kama nimechanganyikiwa.

Ipo dawa ya kupaka ya nitrogliserini, asilimia 2. Ndiyo, ileile ya baruti. Ngozini hutoa nitriki oksidi, nayo hulegeza mishipa. Madaktari wameandika juu ya watoto wachanga ambao vidole vyao vilirudi rangi baada ya kupakwa, ingawa ni habari za mgonjwa mmoja mmoja, si utafiti mkubwa. Tena hupenya ngozi laini ikashusha presha, kwa hiyo hupakwa kidogo, presha ikipimwa muda wote. Kabati letu halikuwa nayo. Mtoto alipona, ila ncha ya kidole kimoja ilikauka.

Naomba tyubu chache, na mwongozo wa nani anaruhusu zitumike. Naomba pia safu ya vidole kwenye chati ya kila saa: rangi, joto, sekunde, mkono ukilinganishwa na mwenzake, kwani kwenye ngozi nyeusi ubuluu huchelewa kuonekana. Kwa sasa safu hiyo naichora mwenyewe kwa rula. Chati mpya zikichapwa, ije nazo.

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Dar es Salaam