Nyota ya tatu ni yetu

Lamu, 11 Februari

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, kaskazi bado inavuma, na nyanya yako anakusalimu sana.

Nilipokupigia simu Jumapili ulishangaa kusikia nimekwisha kuswali adhuhuri, na wewe huko Nairobi adhana hujaisikia. Ukasema labda muadhini wenu kachelewa. Hajachelewa, mwanangu. Swali lako sikuliacha, nimelipandisha darini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Simama popote, uelekee kusini. Chukulia kuna mstari unaoanzia chini kaskazini, nyuma yako, ukapanda hadi utosini, ukateremka mbele yako hadi kusini. Wataalamu huuita meridiani. Kila mtu ana wake, anatembea nao. Jua, mwezi na nyota zikitoka mashariki hupanda mpaka hapo, zikishaukata huanza kushuka. Kwa jua sisi tuna jina letu la zamani, zawali: jua likipinduka, adhuhuri imeingia.

Basi dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Lamu ipo kwenye digrii 40.9 mashariki, Nairobi 36.8. Hapo katikati ni digrii nne na kidogo. Zidisha kwa nne utapata dakika 16. Jua linaukata mstari wangu kwanza, wako baada ya dakika 16. Saa za ukutani zinatuficha jambo hili, kwa kuwa nchi nzima tunafuata saa moja, nayo ni ya digrii 45, mstari unaopita huko karibu na Mogadishu. Ndiyo maana hata hapa Lamu, siku nyingi za mwaka jua halipinduki saa sita kamili.

Jana nililipima. Nilitwaa ufito wa mkoko wa mita moja, nikauchomeka kwenye lile tundu lililokuwa la nguzo ya makuti, nikaunyoosha kwa timazi niliyoazima kwa fundi jirani. Juzi yake nilikuwa nimejaribu kungoja kivuli kiwe kifupi kabisa, nikashindwa. Karibu na zawali kivuli hakionekani kupungua wala kuzidi. Unaungua na jua robo saa nzima, nacho kipo palepale kama shibiri moja. Kwa hiyo jana nilifuata njia ya wazee wa ilimu ya falaki. Nilichora duara kwa chaki kuzunguka ufito, upana wa dhiraa moja kutoka katikati. Asubuhi ncha ya kivuli ilikuwa nje ya duara. Ikaingia saa tano na dakika 6, nikatia alama. Nikashuka kupika. Nikapanda tena, ikatoka saa nane kasoro dakika 5, nikatia alama ya pili. Katikati ya nyakati hizo mbili ni saa sita u nusu: hapo ndipo jua lilipopinduka Lamu jana. Na katikati ya alama mbili, ukivuta mstari mpaka kwenye ufito, umeipata kaskazini na kusini bila dira. Nilitetemeka mkono nilipouchora, nakwambia kweli.

Lakini saa sita u nusu si ya mwaka mzima. Mwanzo wa Novemba jua hupinduka hapa saa sita kamili hivi, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauendi sawasawa, na mhimili wake umelala upande. Na kwa sasa jua linapita kusini ya utosi wetu. Kwenye tarehe 15 Machi hivi litapita utosini barabara, na ufito wangu hautakuwa na kivuli. Kisha litapita upande wa kaskazini mpaka mwisho wa Septemba, lirudi tena.

Usiku ndio uliniteka zaidi. Nilifunga mshipi mweupe wa kuvulia, ukaambaa juu ya ule mstari wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta, nikatandika mkeka chini yake nikalala chali. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kilikuwa kimekwisha kupita tangu magharibi, upande wa kaskazini, kimeanza kuinama. Nikamkumbuka babu yako na kauli ya mabaharia, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Ilipokaribia saa mbili u nusu zikaja zile nyota tatu zilizojipanga. Ya kwanza inaitwa Mintaka, kwa Kiarabu ni mshipi, na niliiona ikiukata mshipi wangu. Dakika nne nyuma yake ikaja Alnilam, maana yake lulu zilizotungwa uzini. Halafu Alnitak.

Sasa sikiliza. Alnitak hupita juu ya Lamu kwa namna ambayo kati yake na utosi wetu hapatoshi hata upana wa mwezi. Nyota hiyo ya tatu ni yetu. Na ile ya katikati, Alnilam, ndiyo inayopita juu ya Nairobi, utosini mwako kabisa. Nililala pale mpaka shingo ikakauka, nikihesabu dakika 16, nikijua kwamba lulu ile iliyonipita inakuja kwako.

Nyota haziendi na saa ya jua. Kila usiku hutangulia dakika 4, kwa mwezi saa mbili, kwa hiyo usingoje mwisho wa Februari, zitakuwa zinapita saa moja u nusu. Mwezi nao ni kinyume, huchelewa kila siku kama dakika 50, na maji ya bahari humfuata, hilo unalijua tangu udogoni.

Kesho baada ya isha nitakuwa darini. Nikiiona Alnilam imekata mshipi nitakupigia simu, nawe utoke nje uangalie juu mpaka saa tatu kasorobo. Mawingu ya huko nayajua, lakini tujaribu.

Achari ya maembe nimempa dereva wa basi la Mokowe, chupa mbili. Moja ni ya mwenzako wa chumbani.

Mamako