Malalamiko Kuhusu Namna Mnavyoionyesha Filamu ya The Road

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha mwezi, na ninaandika kulalamikia jinsi mnavyoionyesha The Road, filamu ya mwaka 2009 ambayo John Hillcoat aliiongoza kutokana na riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2006, iliyotunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Sina ugomvi na filamu yenyewe. Naihesabu miongoni mwa filamu chache zilizoiheshimu riwaya zilikotoka, na ndiyo maana inanikera kuona heshima hiyo ikivurugwa na maelezo yenu pamoja na mitambo yenu.

Maelezo mliyoyaandika yanasema kwamba baba na mwana wanapigania uhai baada ya vita vya nyuklia. Hilo mmelitunga. Kitabuni na kwenye filamu tunaambiwa tu kwamba saa zilisimama saa saba na dakika 17, ukaonekana mwanga mkali, vikafuata vishindo, basi. McCarthy hakutaja chanzo, na mwandishi wa mswada, Joe Penhall, alikuwa na kila kishawishi cha kumpa mtazamaji jibu lakini akajizuia. Kutojua huko kunatuweka mahali pamoja na yule mtoto, aliyezaliwa baada ya balaa na ambaye ulimwengu wa zamani anausikia kwa baba yake tu. Nyinyi mmeiondoa hali hiyo ya kutojua kwa sentensi moja.

Kionjo mlichokitengeneza kinazidisha upotoshaji. Kimekusanya milio ya risasi na kuipigia ngoma nzito, ilhali sehemu kubwa ya filamu ni watu wawili wanaosukuma toroli la dukani katika nchi iliyofunikwa na majivu, huku baba, anayechezwa na Viggo Mortensen, akitunza risasi mbili ambazo hakuziweka kwa ajili ya maadui. Isitoshe, mmeiorodhesha chini ya filamu za familia, nadhani kwa sababu wahusika wakuu ni mzazi na mtoto wake. Nchini Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na aliyeipa daraja hilo bila shaka aliiona ile nyumba yenye watu waliofungiwa chini ya sakafu wakingoja kuliwa.

Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba mama, anayechezwa na Charlize Theron, amepewa nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo kitabuni, nami nakubaliana nao kwa kiasi, kwa kuwa kumbukumbu zile zenye rangi angavu zinatupumzisha mapema mno. Lakini hilo ni deni la watengenezaji wa filamu, si lenu.

La kwenu ni picha kukatwa pembeni ili ijaze kioo. Filamu ilipigwa kwa umbo pana, na takriban robo ya upana wake haionekani kwenye huduma yenu, wakati watengenezaji walikwenda kupiga picha Pennsylvania na hata New Orleans iliyoharibiwa na kimbunga Katrina ili mandhari hiyo iwe ya kweli.

Linaloniudhi kuliko yote ni mwisho. Majina ya walioshiriki yanapopita, zinasikika kwa mbali sauti za maisha ya kawaida ya mtaani, yaani ule ulimwengu ambao kwa takriban saa mbili tumeonyeshwa kutoweka kwake. Hazimo kitabuni, ni nyongeza ya filamu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kuliko zote. Kwenye huduma yenu majina hayo hugeuka kijisanduku pembeni mara tu yanapoanza, na papo hapo huingia filamu nyingine yenye magari yanayofukuzana. Nilihangaika na rimoti kurudisha nyuma, na kijisanduku kikajirudia vilevile.

Kwa hiyo naomba mfute maelezo ya vita vya nyuklia, muiondoe filamu hii kwenye kundi la familia, mrudishe picha katika upana wake wa asili, na mumpe mteja uwezo wa kuzima kabisa mrukio huo wa mwisho. Kuhusu kionjo, nitaridhika mkikiondoa bila kuweka kingine. Sidai kurejeshewa fedha. Naomba majibu kwa maandishi kupitia anwani iliyomo kwenye akaunti yangu, yakieleza ni lipi kati ya haya mtalitekeleza na lini.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Dar es Salaam