Maji mafu si maji machafu

Bwana Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikwama kooni tangu mwaka jana. Mie kazi yangu ni kushika maiki, ile ya mti mrefu, watu wakija kupiga filamu za dokumentari hapa Mombasa. Wengi ni wazungu, na wa Nairobi pia, maana wa Nairobi nao huku ni wageni tu, wasikasirike.

Sasa tulipata kazi ya siku 9, wavuvi wa Mtongwe. Siku ya pili ratiba inasema saa nne asubuhi mashua inatoka. Mwezi wa angani ulikuwa wa siku 15, bamvua lenyewe, maji yanajaa sana na kupwa sana, na bamvua hapa kwetu saa nne maji yako mbali, yakijaa na kupwa tofauti ni zaidi ya mita 3. Nikamwambia dairekta usiku wake, akasema kila kitu kimepangwa. Haya, tumefika asubuhi mashua imelala ubavu kwenye tope, tukakaa kwenye jua na mabegi ya kamera mpaka alasiri, pesa ya mashua inahesabika.

Hiyo ni hasara yao, wala si neno. Kazi nyingine ilikuwa tamu, japo nusu yake ni kungoja, mara adhana mara honi ya feri mara tuktuk, na upepo wa kusi unaingia kwenye maiki hata uivishe manyoya. Kila tukimaliza mahali narekodi nusu dakika ya kimya, ya kuzibia pale wanapokata sauti baadaye. Mzee mvuvi tuliyekuwa naye akaniuliza, "Mwanangu, unarekodi nini na watu wote mmenyamaza?" Nikamwambia narekodi kimya, mzee. Alicheka mpaka akakohoa.

Basi siku ya 9 mwezi ushafika 22, mzee kasimama mbele ya uzio wake wa kunasia samaki, nimemsikia mwenyewe masikioni kwa hedfoni: "Haya ni maji mafu, uzio haupati kitu, mpaka wiki ijayo." Mtu wa pwani anaelewa, maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana, samaki haingii uzioni, ukingoja mwezi uandame maji yakapata nguvu samaki kama tafi wanarudi.

Filamu ikatoka, nikatumiwa kwa WhatsApp. Pale mzee anaposema hivyo, maandishi ya chini kwa Kizungu yanasema bahari yetu imekufa! Na ile "mpaka wiki ijayo" wameikata, wametia na muziki wa msiba. Sikatai taka zipo, jaa la Kibarani tumelivuta harufu miaka na miaka, lakini mzee hakuwa na habari hizo, alikuwa anahesabu mwezi. Mjukuu wake akamwonyesha, wanunuzi wakaanza kumuuliza mzee kwani samaki wako wana nini, na mie niliyemvalisha maiki ndogo kifuani ndiye nnayeonekana mtaani.

Namba yangu wanayo. Mkalimani wa siku zile wanayo yake. Hakuna aliyepigiwa, tafsiri sijui kaifanya nani na wapi. Sheria yetu ya filamu, Cap 222, inataka leseni kabla hujapiga filamu, na mgeni lazima apitie ajenti wa hapa, sawa. Mie naomba kwenye fomu za hiyo leseni wanaohusika watie na hili: atajwe mtu wa hapo hapo, anayejua lugha ya hapo, aikague tafsiri kabla filamu haijatoka, na alipwe. Ni kazi ya siku moja, na wao siku nzima walishaitupa kwenye tope bure.

Mzee hana kinyongo na mie, alhamdulillahi. Nikipita tu ananiita toka mbali, "Ee, umekuja kurekodi kimya tena?"

Mshika maiki,
Kibokoni, Mombasa