Yah: Malalamiko kuhusu aksesi pointi ya nje (kifaa cha kurusha Wi-Fi) mliyoifunga kama ripita, Nzuguni

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulikubaliana daraja la intaneti kati ya majengo mawili ya nyumba yangu ya wageni. Kifaa cha jengo la mbele kirushe, cha jengo la nyuma kipokee tu, kisha waya uingie ndani kwenye aksesi pointi nyingine ya kuwagawia wageni. Mkataba wenu wenyewe unasema hivyo. Mafundi wenu wakakifunga cha nyuma kama ripita. Redio ni moja, inapokea na kurusha tena kwenye chaneli ileile, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inapotea kabla mgeni hajafungua simu yake. Hayo mnayajua kuliko mimi, ndiyo maana nilidhani kumweleza fundi kungetosha.

Fundi alinijibu pale mapokezini, wageni wakisikia: "Mama, wewe shughulika na mashuka, mambo ya mtandao tuachie sisi."

Kilikuwa kipindi cha Bunge la bajeti, vyumba vimejaa Dodoma nzima. Wageni wangu wa nyuma, watu wa kutuma nyaraka usiku, walihama na mizigo yao. Na aliyepokea simu ofisini kwenu kila mara aliniambia nizime niwashe, kana kwamba nimenunua pasi.

Mlipokuja tena mkakibadili kuwa ruta. Sasa jengo la nyuma lina mtandao wake, la mbele lina wake, na kamera za nyuma hazionekani tena mapokezini. Kamera, ndugu Meneja! Hizo zilikuwa zinafanya kazi hata wakati wa ripita.

Lakini mashuka siwezi kuyapita. Kijana huyo hakuvua hata helmeti. Nilimwonyesha kwenye simu yangu ukurasa wa mipangilio ya kifaa, ripita imeandikwa wazi, hakutazama. Akamgeukia mwenzake, wakacheka, ndipo akaniambia nishughulike na mashuka, mbele ya mgeni aliyekuwa analipa chumba. Nina umri wa kumzaa. Na mashuka hayo ndiyo yanayolipa ankara yenu kila mwezi.

Naomba fundi mwingine aje aweke daraja kama tulivyokubaliana. Naomba pia ada ya miezi yote tangu mfunge irudishwe, na gharama ya ufungaji, maana kazi niliyoilipia haijafanyika. Huyo kijana naye aje kuniomba radhi palepale mapokezini, kwa sauti ileile.

Nakala yangu ya barua hii itagongwa muhuri wenu wa kupokea. Mwezi huu ukiisha mko kimya, naipeleka Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), Kanda ya Kati, wapo hapahapa Dodoma, na nyingine Tume ya Ushindani. Vifaa vyenu mtavikuta stoo, nitakuwa nimeshaviteremsha.

Mteja wenu,
Mmiliki wa nyumba ya wageni, Nzuguni