Apophis haitatugonga 2029. Tuulizie mawe ambayo hayajaonekana

Ndugu Mhariri,

Habari za asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua) iitwayo Apophis zimeanza tena kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na hapa Arusha watu wanauliza kama ni kweli dunia itagongwa Aprili 2029. Jibu ni hapana. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa uwezekano huo kwa angalau miaka 100 ijayo. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, mwamba huo wa mita zipatazo 350 utapita kilomita kama 32,000 juu ya uso wa dunia, chini kidogo ya satelaiti zinazorushia madishi yetu matangazo ya televisheni. Utakuwa karibu kabisa mnamo saa 6:46 usiku kwa saa zetu, na mwezi hautakuwepo angani. Kitakachotunyima kuuona ni mawingu ya masika.

Wasiwasi uliopo tungeshauri uhamishiwe kwingine. Katika asteroidi zinazopita jirani na dunia, zile za kilomita moja na kuendelea zimegunduliwa zaidi ya asilimia 90. Za mita 140 na kuendelea hazijafika nusu, na moja tu kati ya hizo inatosha kuangamiza eneo la mkoa mzima. Za mita 20 hadi 60 ni nyingi zaidi ya hizo, na hatuzijui isipokuwa chache. Iliyolipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013 ilikuwa ya mita kama 20, na hakuna aliyeiona kabla kwa sababu ilitokea upande wa jua, ambako darubini za ardhini haziwezi kutazama.

Hapa tuna ombi kwenu wanahabari. Asteroidi 2024 YR4 ilipogunduliwa na darubini ya ATLAS iliyoko Chile, Desemba 2024, uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1, kisha ndani ya siku chache ukaporomoka karibu na sifuri. Wengi walisema wanasayansi wanabahatisha. Sivyo. Mwanzoni njia ya jiwe hukadiriwa kwa picha chache, hivyo hupatikana ukanda mpana wa mahali linapoweza kupita, na dunia ni sehemu ndogo tu ya ukanda huo. Kila kipimo kipya huubana. Maadamu dunia bado imo ndani, sehemu yake hukua, na asilimia hupanda. Ukanda ukishajibana hadi ukaiacha dunia nje, asilimia huanguka. Kwa hiyo anayeandika asilimia bila tarehe ya kipimo na ukubwa wa jiwe anawatisha watu bure.

Je, tukigundua moja ambayo kweli inakuja? Dunia huenda karibu kilomita 30 kwa sekunde, maana yake husogea urefu wa kipenyo chake kwa dakika kama 7. Jiwe likicheleweshwa kwa muda huo, litafika kwenye njia yetu na kukuta tumeshapita. Hakuna haja ya kulilipua. Mlipuko wa ovyo unaweza kutuachia vipande vingi badala ya kimoja. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART, chenye uzito usiofika kilo 600, kiliigonga Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi linaloizunguka asteroidi kubwa zaidi, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa sekunde. Muda wa Dimorphos kuizunguka asteroidi hiyo, saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa zaidi ya nusu saa, wakati kiwango cha chini kilichowekwa kuhesabiwa mafanikio kilikuwa sekunde 73. Siri ilikuwa vifusi: vilivyoruka kinyumenyume viliisukuma Dimorphos zaidi ya chombo chenyewe. Jiwe la chuma kitupu, mfano wa kimondo chetu cha Mbozi, lisingerusha vifusi kiasi hicho. Ndiyo maana Ulaya ilirusha chombo cha Hera Oktoba 2024 kwenda kuipima Dimorphos uzito na kukagua kovu lake.

Lakini yote hayo yanadai miaka. Ukibadilisha mwendo wa jiwe kwa sentimita moja kwa sekunde miaka 10 kabla, kwa hesabu ya moja kwa moja tu limeshahama kilomita 3,000, na mabadiliko ya mzingo wake, yaani njia yake kuzunguka jua, huongeza zaidi. Ukifanya hivyo mwaka mmoja kabla, unapata kama 300, wakati jiwe linalolenga katikati ya dunia lapaswa kuhama angalau nusu kipenyo chake, kilomita 6,371, ili litukose. Kwa maoni yetu, fedha ya darubini ina faida kuliko ya roketi.

Kwa mawe madogo hakutakuwa na roketi. Oktoba 2008 jiwe la mita 4 hivi liligunduliwa saa kama 20 tu kabla ya kulipuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Kinga hapo ni ya kujikinga majumbani, na Chelyabinsk imetuonyesha ilivyo. Watu waliona mwanga wakakimbilia madirishani; mshindo ulifika zaidi ya dakika mbili baadaye katika sehemu kubwa ya mji. Watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wakiwa wamekatwa na vioo. Sauti huchukua takriban sekunde 3 kwa kila kilomita, hivyo mlipuko ulio kilomita 30 juu hukupa dakika moja na nusu hivi. Arusha na Moshi za leo zimejaa maduka na ofisi za vioo kuanzia chini hadi juu, na madarasa mengi yana madirisha pande zote mbili.

Kamati za maafa za wilaya ziongeze maelekezo haya kwenye mafunzo ya moto na tetemeko mashuleni: ukiona mwanga unaoshinda jua, usiutazame, ondoka dirishani, ingia chini ya dawati au jibanze nyuma ya ukuta, ufumbe macho na kuziba masikio. Kaa hapo dakika tano, kwa sababu mishindo huweza kufuatana.

Walimu wa fizikia,
Arusha