Barua kwa Mwanangu: Sala Kabla Mkaa Haujakolea

Kasulu

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Hapa nyumbani tu wazima, na maharage yenu yatafika na basi la Jumamosi. Uliniuliza utapata wapi muda wa kumwomba Mungu, na watoto watatu wamekung'ang'ania, mmoja mgongoni na wawili miguuni. Usiutafute huo muda, mwanangu. Itie sala ndani ya kazi ulizo nazo tayari, maana hizo hazikosekani hata siku moja. Kumbukumbu la Torati sura ya 6, inapowaagiza wazazi wawafundishe watoto, inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Ni mambo unayoyafanya kila siku.

Anza na jiko. Ukiwasha mkaa asubuhi una kama dakika kumi kabla haujakolea. Liweke nje, nawe ukae mahali unapoweza kumdaka mdogo kabla hajalifikia. Hapo soma zaburi fupi kwa sauti. Ya 117 ina mistari miwili tu, ya 121 ina minane. Ukichukua ndefu, uji utafurika hujamaliza, utasoma mbiombio, nao watazoea kwamba Neno ni la kukimbizwa. Zaburi moja iende wiki nzima. Watoto hawachoki kurudiwa, tunaochoka ni sisi.

Mstari wa kukariri mpe yule wa miaka sita peke yake. Ukate vipande vitatu, kila kipande siku mbili, Jumapili auseme wote. Wa miaka minne ataudaka kwa kusikiliza. Huyu wa miwili mwachie "Asante Yesu" na "Amina". Sala ya chakula isizidi pumzi moja, ugali wa muhogo ukipoa hauliki.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kumfanya Mungu fimbo. "Mungu anakuona, atakuchoma." "Shetani atakuja kukuchukua usiku." Maneno hayo humnyamazisha mtoto dakika tano, kisha usiku anakataa kulala gizani na asubuhi hataki kuomba. Nani atapenda kuzungumza na anayemvizia? Akimpiga mwenzake, mwadhibu wewe mama yake, kwa kosa hilo, yaishe. Mungu mtaje mnapopatana.

Na msamaha uanze kwako. Utafoka tu, mama mwenye watoto watatu na ndoo za maji hawezi kukosa siku ya kufoka. Ukishapoa, chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, ulitaje ulilofanya: "Nimekufokea kwa hasira. Nimekosa, nisamehe." Ishia hapo hapo. Ukiongeza "lakini na wewe ulimwaga mawese," umemrudishia yeye kesi. Akinuna, mwache anune, usimlazimishe kukukumbatia. Akitulia ombeni sentensi moja, basi.

Sasa homa. Hapa nisikilize vizuri, maana mkoa wetu wa Kigoma una malaria nyingi. Mtoto akichemka mwekee mkono, omba, kisha mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe, saa 24 zisipite. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na kuzama usingizini hata kuamka hawezi, ondoka saa hiyo hiyo hata ikiwa ni usiku wa manane, uombe njiani. Watakuwepo wa kukwambia kwamba kupima ni kukosa imani. Usiwasikilize, hata akiwa ni mtu wa kanisani kwenu. Wakolosai 4:14 humwita Luka tabibu mpendwa, wala haiutaji utabibu wake kama kosa. Akipewa dawa mseto, dozi ni ya siku tatu. Siku ya pili ataanza kucheza nawe utashawishika kumwekea vidonge vilivyobaki kwa homa nyingine. Usifanye hivyo, vimelea ambavyo havijafa huamka tena.

Ndiyo maana nataka sala ya usiku isemwe wakiwa tayari ndani ya chandarua. Kichomeke chini ya godoro pande zote, kisha ndipo muombe. Mkiomba sebuleni halafu muanze kuhangaika na neti, atatoka mmoja kutaka maji, mwingine atamfuata, na mbu wataingia nao. Kila mtoto ataje jambo moja la kushukuru na moja la kuomba, wewe ufunge.

Jumapili sina mengi. Kaa karibu na mlango wa pembeni, mdogo awe ameshakula, na utoke naye wakati wa pambio, kabla hajaanza kulia katikati ya mahubiri. Sadaka wape wale wawili wakubwa Jumamosi jioni, sarafu ya shilingi 100 au 200, walale wakijua iko wapi. Ukiwapa mlangoni mwa kanisa wanaipitisha tu kama karani. Mdogo usimpe sarafu, ataimeza.

Baba yao akiwa kwenye dagaa, watoe mlangoni waone taa za maboti ziwani, wamtaje kwa jina. Wakiuliza kama ziwa litamchukua, usiwaambie haiwezekani, wanausikia upepo kama wewe. Waambie tunamwomba Mungu amlinde, na baba amevaa jaketi okozi. Nawe hakikisha kweli amelivaa. Na pakitokea msiba kwa jirani, usiwaambie kwamba Mungu alimpenda zaidi marehemu ndiyo maana akamchukua. Mtoto atauogopa upendo huo. Mwambie amefariki, tunahuzunika, na Yesu naye alimlilia rafiki yake Lazaro. Akiuliza zaidi ya hapo na hujui, sema hujui.

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na maboti yanapumzika. Siku hizo mwachie mumeo sala ya jioni: yeye asome, yeye achomeke neti, yeye awanyweshe maji. Wewe nenda ukalale.

Mama yako