Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuzo za Uhusiano wa Serikali

Wanachama wenzangu,

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mafunzo ya wanachama wapya yameendelea kama yalivyopangwa. Kwa hivyo nafasi kubwa ya taarifa hii nitaitumia kwa tuzo zetu kwa maofisa wa umma wanaofanikisha uhusiano kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti, kwani ndizo zilizozua mjadala mkali mwaka huu, na mengi yaliyosemwa kuzihusu yanahitaji jibu.

Kanuni mpya mnaijua. Pendekezo la kumtuza afisa kwa mchango wake katika uhusiano wa serikali halipokelewi tena bila barua mbili: ya kwanza ya mwajiri wake, ya pili ya serikali ile nyingine aliyofanya kazi nayo. Aliye kwenye kaunti ataleta barua ya wizara au ya kaunti jirani, na aliye wizarani ataleta ya kaunti. Wapo waliotuonya kwamba mapendekezo yatapungua, na kweli yalipungua. Hata hivyo, kila faili iliyofika mbele ya jopo ilikuwa na ushuhuda wa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea anayependekezwa. Siku zote nimeamini kwamba ukitaka kujua kama ofisa anafanya kazi vizuri na serikali nyingine, muulize huyo wa serikali nyingine.

Kifungu cha 6 cha Katiba ya Kenya kinasema serikali ya kitaifa na serikali za kaunti ni tofauti na zinategemeana, na zinapaswa kuhusiana kwa mashauriano na ushirikiano. Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 ikatupa Kikao cha Kilele cha Rais na magavana 47, Baraza la Magavana, na Kamati ya Kiufundi. Vyombo vipo. Lakini sisi tulio kwenye utumishi tangu kaunti zianze kazi Machi 2013 tunajua mambo hukwama wapi. Hukwama kwenye meza ya ofisa wa cheo cha kati, ambaye mkononi ana waraka wa wizara unaomwagiza hivi, huku kamati ya bunge la kaunti imemwita aeleze kwa nini hakufanya vile. Akiupatanisha mzozo huo, hakuna utepe wa kukata wala jiwe la msingi la kuweka. Mgogoro uliozuiwa haupigwi picha.

Chukueni mwaka 2019. Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikang'ang'ania bilioni 335, na mwaka wa fedha ukaanza bila Sheria ya Ugavi wa Mapato, ile inayogawa mapato ya nchi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Suluhu ilipopatikana Septemba, ikawa bilioni 316.5. Mwaka uliofuata, mvutano ukahamia kwenye fomula ya kugawa fedha hizo baina ya kaunti zenyewe, nao ukachukua miezi. Majina ya maseneta tuliyasoma kila siku. Waliobaki hospitalini wakipanga zahanati ipi ipelekewe dawa chache zilizokuwepo ghalani, na ipi isubiri, hatukuwasoma popote. Tuzo yetu ikiwa na kazi moja tu, basi ni kuwatafuta hao.

Mshindi wa mwaka huu ni ofisa wa ugavi wa kaunti. Jina lake litatangazwa ukumbini pamoja na ya wengine. Kazi yake ilianza pale ambapo wengi hatukutaka kugusa: mali na madeni ya zile serikali za mitaa 175 zilizovunjwa kaunti zilipoanza. Viwanja, nyumba za watumishi, masoko, magari mabovu, makaburi, na mikopo ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliichukua. Jopo lilipelekewa rejista yake. Kila ukurasa una namba ya kiwanja, jina la baraza la zamani kama lilivyoandikwa kwenye hati, anayekikalia sasa, na karatasi iliyopo kuthibitisha. Palipo na shaka ameandika kwa penseli. Wino umetumika tu pale ambapo ofisa wa kaunti na wa serikali ya kitaifa wamekwenda kukiona kiwanja pamoja, kisha wote wawili wakatia saini pembeni mwa mstari huo huo. Ukifungua kurasa za mwisho, penseli imebaki kidogo sana. Barua yake ya pili iliandikwa na ofisa wa upande wa pili, ambaye alisema waliwahi kubishana juu ya nyumba moja kwa muda mrefu, na kwamba kila walipoachana aliondoka akimwamini zaidi. Sijasoma pendekezo lenye nguvu kuliko hilo.

Tuzo ya pili imekwenda kwa muuguzi wa hospitali ya ngazi ya tano inayopokea wagonjwa wa kaunti kadhaa jirani. Aliwakalisha wenzake wa kaunti hizo wakakubaliana fomu moja ya rufaa ya wagonjwa, na mpangilio wa kumrudisha mgonjwa na taarifa zake kwenye kituo alikotoka. Ni jambo dogo kulieleza, ila kwa mama anayehamishwa usiku si dogo.

Tuzo ya tatu, ile ya viongozi wa juu, haikutolewa. Mapendekezo yote yalisifu miradi iliyojengwa, na hakuna hata moja lililokuja na barua ya pili. Jopo liliamua hivyo kwa kauli moja, nami naliunga mkono kabisa.

Wengine mmeuliza kwa nini tusifuate tu mfano wa tuzo kubwa. Ninaziheshimu. Tuzo za Utumishi wa Umma za Umoja wa Mataifa zimekuwepo tangu 2003, na Huduma Kenya, mpango wa vituo vya huduma za serikali, ilituletea fahari kwa kushinda tuzo hiyo mwaka 2015. AAPAM, chama cha Afrika cha utawala na usimamizi wa umma, iliyoanzishwa 1971 na yenye makao yake hapa Nairobi, imewatuza wabunifu wa utumishi barani kote. Tuzo hizo hutazama huduma iliyoboreka. Uhusiano wenyewe kati ya serikali na serikali unahitaji jicho lake.

Ndiyo maana kamati tendaji inaleta hoja ya tuzo mpya, itakayotolewa kwa maofisa wawili au zaidi wa serikali tofauti kwa pamoja. Mfikirieni mkazi wa Likoni anayefungua bomba. Mombasa hutegemea maji ya Mzima huko Taita Taveta, ya Baricho huko Kilifi na ya Marere huko Kwale, na mitambo mikubwa ya kuyafikisha iko chini ya wakala wa serikali ya kitaifa. Kaunti yenye chemchemi inataka haki yake, mji unataka maji, wakala anataka alipwe. Pakipatikana makubaliano yanayodumu mahali kama hapo, kumwita mtu mmoja jukwaani kutakuwa kuwadhulumu wenzake.

Rasimu ya kanuni za tuzo hiyo mmeshatumiwa. Marekebisho yawasilishwe kwa katibu kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, yakiwa na saini ya mpendekezaji na ya anayemuunga mkono. Tutapiga kura mara tu baada ya kupokea hesabu.